Gwanda na Kura

Mhadhara uliotolewa Kakonko mbele ya walimu, wanafunzi na askari wastaafu



Kilichonileta mbele yenu ni swali la mwanafunzi. Tulikuwa kidato cha tatu, kipindi cha mwisho, tukizungumzia askari Waafrika waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia na namna walivyoingia katika harakati za uhuru. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, mkuu wetu wa wilaya ni kanali. Aliyemtangulia naye alikuwa kanali. Mtu anatokaje kambini mpaka kuketi kwenye kiti kile, na anapigiwa kura na nani?" Wenzake wakacheka. Kengele ikalia, wakatoka mbio, nami nikabaki na chaki mkononi. Sehemu ya mwisho ya swali lake ilikuwa rahisi: hapigiwi kura, anateuliwa na Rais. Ile ya kwanza ndiyo iliyoninyima usingizi.

Binti alisema kweli. Kanali Hosea Ndagala aliongoza wilaya hii, na mwaka 2021 akaja Kanali Evance Mallasa. Kibondo, Kasulu na Buhigwe nako wamepita makanali. Mwaka 2016 mkoa mzima ulikabidhiwa kwa Brigedia Jenerali Emmanuel Maganga. Mpaka wetu na Burundi una sehemu yake katika habari hiyo, nami nitaurudia.

Katika kusoma na kuuliza wazee nimefikia jambo moja ambalo ningependa tulizungumze leo. Askari anayeingia katika siasa hujulikana siku anaposhindwa. Jeshini amefundishwa kwamba kushindwa ni kifo: utazikwa, au utachukuliwa mateka, au nchi yako itatwaliwa. Kwenye siasa kushindwa ni jambo la kila uchaguzi. Aliyeshindwa anatakiwa arudi nyumbani, ale, alale, na kesho aamke aishi kijiji kimoja na yule aliyemshinda. Hilo ni somo gumu kwa mwanadamu yeyote. Kwa aliyewahi kushika bunduki ni gumu zaidi, kwa sababu anajua kuwa kuna njia nyingine, na anajua namna ya kuipita.

Nianzie Dar es Salaam, ukumbi wa Arnautoglo, tarehe 17 Aprili 1953. Chama cha TAA (Tanganyika African Association) kinachagua rais wake. Mmoja wa wagombea ni Abdulwahid Sykes. Huyu ni mtoto wa mjini, na ukoo wake umevaa gwanda vizazi vitatu. Babu yake alikuja nchini na jeshi la Wajerumani. Baba yake, Kleist, alipigana upande wa Wajerumani katika Vita vya Kwanza, kisha akawa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929. Yeye mwenyewe, pamoja na mdogo wake Ally, alipelekwa Burma na King's African Rifles. Wakati ule Mwafrika wa jeshi hilo hakupewa cheo cha uafisa hata akiwa hodari kiasi gani. Alibeba bunduki, alipanda milima ya Burma kwenye mvua za masika ya huko, akaona Mzungu akiogopa na Mzungu akifa, kisha akarudishwa nyumbani kuwa mtumishi wa chini. Vijana hao ndio waliorudi na hasira yenye akili. Waligeuza TAA kutoka chama cha mazungumzo ya jioni kikawa chama cha siasa.

Mpinzani wake siku hiyo alikuwa mwalimu wa shule ya Pugu aliyetoka Butiama, mgeni mjini, hana ukoo Kariakoo wala hajawahi kubeba bunduki. Mwalimu Julius Nyerere akashinda. Sasa tazameni alichofanya askari wa Burma. Hakuondoka na watu wake wala hakuanzisha chama chake. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Julai 1954, Abdulwahid na Ally walikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU chini ya yule yule aliyemshinda. Katika vitabu vyetu vya shule jina lake hupita haraka, wakati mwingine halipiti kabisa. Naona hilo ni deni. Tunawafundisha watoto habari za aliyeshinda uchaguzi wa Arnautoglo, na aliyeshindwa ndiye aliyekuwa na la kuwafundisha siku ile.

Kenya walikuwa na Bildad Kaggia. Naye alikuwa askari wa vita hivyo hivyo, akafika Mashariki ya Kati na Uingereza, akarudi hataki tena kuitwa "boi". Akafungwa pamoja na Kenyatta baada ya kesi ya Kapenguria. Uhuru ulipopatikana akawa mbunge wa Kandara, akaanza kuuliza mbona ardhi ya walowezi inakwenda kwa wenye fedha badala ya wasio na ardhi. Kenyatta alimsuta hadharani akimuuliza amejifanyia nini yeye mwenyewe, maana wafungwa wenzake walikwisha kuwa na mashamba na nyumba. Mwaka 1966 Kaggia alihamia upinzani, akashindwa katika uchaguzi mdogo, baadaye akafungwa tena. Miaka ya baadaye aliendesha mashine ya kusaga unga. Hakuingia msituni. Alifariki 2005, mtu wa kawaida, mikono yake safi.

Hao walikuwa askari wa jeshi la mkoloni. Wa jeshi letu wenyewe walipita njia nyingine, nayo lazima tuielewe tusije tukadhani makanali wameshuka kutoka mbinguni.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo tunaiita Lugalo. Walidai mishahara na walitaka maofisa Waingereza waondoke. Nchi ilikuwa na uhuru wa miaka miwili tu na mwezi mmoja. Serikali ikalazimika kuomba msaada wa askari wa Uingereza, aibu ambayo Mwalimu hakuificha. Uasi ulipozimwa, jeshi lile lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi likianza na vijana wa TANU. Fikra ilikuwa hii: askari asiyejua kwa nini nchi ipo atakuja kuiteka. Basi afundishwe siasa. Afande akawa mwanachama. Vikosini wakawekwa makamisaa wa siasa, na jeshi likahesabiwa kuwa mkoa mmoja wa chama, lenye uwakilishi wake kwenye vikao kama Tabora au Kigoma. Mtu aliweza kuwa katibu wa chama wilayani leo, kesho akawa chuo cha maofisa cha Monduli akivaa nyota begani, keshokutwa akarudi chamani.

Wapo wanaolilaumu jambo hili lote, na wana hoja, maana lilifunga mlango kwa mtu yeyote mwenye mawazo tofauti na ya chama. Lakini mimi nimeishi karibu na mpaka huu, na siwezi kulaumu kwa moyo mwepesi. Tangu 1964 hakuna jeshi lililotutawala. Hesabuni majirani zetu, halafu mniambie ni wangapi wanaoweza kusema hivyo.

Kisha ikaja vita.

Ninyi mnaokaa hapa Kakonko mnajua kwamba barabara ikitoka hapa inakwenda Nyakanazi, kisha Biharamulo, hadi mto Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakatwaa eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu alilitangazia taifa kwamba tutampiga. Jeshi likapanuliwa kwa haraka, na maelfu ya mgambo wakaongezwa kwa wanajeshi wa kudumu. Miongoni mwao alikuwemo jirani yetu mmoja, ambaye sitamtaja jina kwa sababu yeye mwenyewe hapendi kutajwa. Alikuwa kijana aliyeoa karibuni. Wakubwa wake walikuwa watu wa manamba, waliozoea kwenda kukata mkonge Tanga na kurudi na baiskeli. Yeye alikwenda kaskazini, akarudi mikono mitupu.

Nimekaa naye jioni nyingi. Hasemi sana habari za risasi. Anazungumzia migomba isiyokuwa na watu, mihogo iliyoota magugu, mbuzi wanaolia kwenye nyumba tupu. Anazungumzia miguu. Anasema vita vile vilikuwa vya miguu: kutoka Mutukula hadi Masaka, kutoka Masaka hadi matope ya Lukaya, kisha Kampala iliyoanguka Aprili 1979, halafu kaskazini tena hadi kuelekea mpaka wa Sudan mwanzoni mwa Juni. Makamanda waliowaongoza tunawajua: Jenerali David Musuguri, Silas Mayunga, John Walden waliyemwita Black Mamba. Hao majina yao yameandikwa. Wale waliotembea walikusanywa, wakashukuriwa, wakarudi vijijini kulima. Wengine wamelala Kaboya, katika makaburi yale meupe yaliyopangwa kwa mistari kama gwaride.

Sasa tazameni jambo la ajabu kidogo. Miongoni mwa Waganda wa uhamishoni waliotembea barabara ile ile pamoja na askari wetu, wengine waliingia serikalini mara tu Kampala ilipoanguka. Yoweri Museveni, aliyekuwa na kikundi chake cha FRONASA, akawa waziri mwaka huo huo wa 1979. Mwaka uliofuata ukafanyika uchaguzi. Chama chake kilipata kiti kimoja tu, na yeye mwenyewe akashindwa hata jimboni kwake. Alisema kura ziliibwa, na hakuwa peke yake kusema hivyo. Tarehe 6 Februari 1981 yeye na watu wachache walivamia kambi ya Kabamba kutafuta silaha. Miaka mitano baadaye, Januari 1986, akaingia Kampala kama rais. Vijana waliozaliwa mwaka ule sasa wana watoto shuleni, na bado hawajamwona rais mwingine. Sisemi kwamba uchaguzi wa 1980 ulikuwa wa haki. Nasema kwamba mtu aliyejibu kura kwa bunduki, hata akiwa na sababu, hupata taabu sana baadaye kuamini kwamba kura pekee inatosha kumwondoa yeye.

Jirani yetu alirudi akiwa na ujuzi ule ule wa bunduki. Hakuna aliyemwita kuwa waziri. Nitamrudia.

Kwetu, mlango wa kutoka jeshini kwenda juu katika siasa haukupita uwanja wa vita. Ulipita darasani. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Jakaya Kikwete. Alizaliwa Msoga mwaka 1950, akamaliza shahada ya uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 1975, akaenda moja kwa moja kufanya kazi ya chama, Singida, kisha Zanzibar wakati CCM inazaliwa. Katikati ya kazi hizo akapata mafunzo ya uafisa Monduli, na miaka ya 1984 hadi 1986 alikuwa mkufunzi mkuu wa siasa na kamisaa katika chuo hicho hicho. Baada ya hapo akapelekwa kuwa katibu wa chama Nachingwea na Masasi. Mwaka 1988 akateuliwa naibu waziri, 1990 waziri kamili. Wakati wote huo ana cheo cha jeshi, ana kadi ya chama, ana ofisi ya serikali. Leo jambo hilo lingetushangaza. Wakati ule lilikuwa la kawaida, na hakuwa peke yake: Kanali Abdulrahman Kinana alikuwa Waziri wa Ulinzi, na nyuma yao walikuwepo makapteni na mabrigedia wengi chamani na serikalini.

Mwaka 1992 ukakata kamba hiyo. Vyama vingi viliporudishwa, Katiba ilibadilishwa, na ibara ya 147 ikakataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, akibakiwa na haki yake ya kupiga kura tu. Katazo hilo liliwahusu polisi, magereza na JKT pia. Kila aliyekuwa na miguu huku na huku ilibidi achague. Kikwete alistaafu jeshi akiwa luteni kanali. Kinana naye akastaafu. Sheria kavu kama hiyo haisimuliwi kwenye mikutano ya hadhara wala haina wimbo, lakini mimi naihesabu kuwa moja ya mambo makubwa tuliyowahi kufanya kama taifa. Jeshi lililolelewa na chama kwa miaka karibu thelathini liliambiwa litoke chamani, likatoka, na hakuna risasi iliyolia.

Na mtihani wa kushindwa ukaja mapema. Julai 1995, katika mkutano mkuu wa CCM pale Chimwaga, Dodoma, Kikwete aligombea kuteuliwa kuwania urais. Duru ya kwanza aliongoza. Duru ya pili Benjamin Mkapa akampita. Mtu wa umri wa miaka arobaini na minne, luteni kanali wa juzi tu, mwenye marafiki katika kila kambi nchini, aliona ushindi ukiponyoka alasiri moja. Akakubali, akawa Waziri wa Mambo ya Nje wa yule aliyemshinda, akakaa katika kiti hicho miaka kumi. Mwaka 2005 alirudi akachaguliwa kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura, na kwa kiapo kimoja aliyeondoka jeshini akiwa luteni kanali akawa Amiri Jeshi Mkuu. Ni katika utawala wake, mwaka 2012, Kakonko ilipotengwa na Kibondo ikawa wilaya. Uongozi wake una ya kusifiwa na ya kulaumiwa, na mhadhara huu haukuja kuyapima. Nataka tu mkumbuke ile miaka kumi. Pia mkumbuke kwamba 2015 muda wake ulipokwisha alikabidhi, akarudi Msoga.

Sasa tuvuke mpaka, kama watu wanavyouvuka kila siku ya gulio letu la Muhange.

Burundi ilipata uhuru 1962. Mwaka 1966 Kapteni Michel Micombero akaung'oa ufalme. Mwaka 1976 Kanali Jean-Baptiste Bagaza akamng'oa Micombero. Mwaka 1987 Meja Pierre Buyoya akamng'oa Bagaza. Wote watatu askari, wote watatu watu wa Bururi. Lakini Buyoya alifanya jambo ambalo wenzake hawakulifanya: aliitisha uchaguzi wa vyama vingi. Juni 1993 akashindwa na Melchior Ndadaye, raia, mfanyakazi wa benki. Na akakubali. Alisimama, akakabidhi madaraka Julai. Nilikuwa kijana wakati huo, nakumbuka wazee wetu wakisikiliza redio chini ya mwembe na kusema, sasa wenzetu wamepona.

Tarehe 21 Oktoba 1993 askari wakamuua Ndadaye. Alikuwa ametawala siku kama mia moja. Mkubwa wao alikuwa amekubali kushindwa, jeshi halikukubali. Ndipo nchi ilipowaka. Watu waliuana vilimani, na ndani ya wiki chache njia zetu zote za kutoka mpakani zilijaa mama wenye magodoro vichwani. Vita vile viliua watu wanaokadiriwa kufika laki tatu. Julai 1996 Buyoya mwenyewe akarudi kwa mapinduzi. Yule aliyefaulu mtihani mara ya kwanza akaufuta kwa mkono wake.

Katika moto huo ndimo walimotoka watawala wa baadaye. Pierre Nkurunziza alikuwa mwalimu wa michezo chuo kikuu. Baba yake, mbunge wa zamani, aliuawa katika mauaji ya 1972. Évariste Ndayishimiye alikuwa mwanafunzi. Mwaka 1995 wanafunzi Wahutu waliuawa katika Chuo Kikuu cha Burundi, na wote wawili wakaingia msituni mwaka huo. Ninaposimulia hili darasani huwaambia wanafunzi wangu wasihukumu haraka. Kijana anayeona wenzake wakichinjwa bwenini haingii msituni kwa kupenda cheo.

Mazungumzo ya Arusha, aliyoyaanza Mwalimu na kuyamaliza Nelson Mandela, yalizaa mkataba wa tarehe 28 Agosti 2000. Mwaka 2005 Nkurunziza akawa rais. Wakimbizi wakarudi. Sisi tuliobaki huku tulifurahi kama ndugu. Lakini 2015, muda ulipofika wa yeye kuondoka, alisema muhula wa tatu ni haki yake. Mei 13, Nkurunziza akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Jenerali Godefroid Niyombare, aliyewahi kuwa naye msituni, akatangaza kumpindua. Ikashindikana. Na magodoro yakarudi vichwani. Kambi ya Nduta ikafunguliwa tena kule Kibondo, Nyarugusu ikafurika kule Kasulu, na Januari 2016 ikafunguliwa Mtendeli, hapa hapa wilayani kwetu. Wengi wenu mliuza mihogo kule, mlifundisha kule, mligombania kuni na watu wa kule, na wapo hapa wenye wakwe waliowapata kule. Ilifungwa 2021. Ukipita leo utaona bado ardhi ina alama za mitaa.

Kwa hiyo nikisema askari asiyekubali kushindwa huleta msiba, sisomi kitabuni. Msiba huo umelala katika mashamba yetu.

Na hata huko mambo hayasimami mahali pamoja. Mei 2020 mpiganaji mwingine wa zamani, Agathon Rwasa wa FNL, alikuwa wa pili katika uchaguzi wa rais nyuma ya Ndayishimiye. Kundi lake ndilo lililokiri mauaji ya Gatumba ya Agosti 2004, ambako wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa usiku mmoja, na damu hiyo haifutiki kwa kuvaa suti. Lakini alipoona ameonewa katika kura, alikwenda Mahakama ya Katiba. Mahakama ilimkatalia. Hakurudi msituni. Mimi namtazama mtu huyo kwa hofu, na bado nasema hatua ile ilikuwa na thamani kwa kila mama wa Kakonko aliyewahi kupokea mkimbizi usiku.

Nirudi kwa binti wa dawati la nyuma. Kwa nini makanali? Kwa sababu mkuu wa wilaya ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama, na wilaya hizi zimepakana na nchi iliyokuwa vitani. Silaha zilivuka. Magari yalitekwa kwenye mapori ya barabara ya Nyakanazi hadi ikabidi yasindikizwe na askari. Mtu aliyelala njia panda akisikiliza milio hiyo hawezi kushangaa akiletewa kanali. Mimi binafsi nimeona usalama ukiimarika, na nashukuru.

Lakini sitaki tuchanganye mambo mawili. Anayeteuliwa hawezi kushindwa. Anaweza kuhamishwa au kutenguliwa, ila hawezi kusimama mbele ya watu wa kata ya Gwanumpu akaambiwa hapana, kisha akabaki kuishi nao. Wabunge wetu ndio wanaopita humo. Jimbo letu la Buyungu lilimchagua mwalimu, Kasuku Bilago, mwaka 2015, na alipofariki 2018 likamchagua mhandisi, Christopher Chiza, ambaye Bilago alikuwa amemshinda. Mwaka 2010 jirani zetu wa jimbo la Muhambwe walimchagua Felix Mkosamali, kijana mdogo kabisa, kupitia NCCR-Mageuzi. Watu wa nyanda hizi hawaogopi kubadilisha. Nasikitika kwamba miongoni mwa wote hao sijamwona askari wa kawaida wa vita vya Kagera, yule aliyetembea, akisimama kuomba kura ya bungeni. Wenye nyota begani walikuwa na njia, kwa kuteuliwa na kwa chama. Wasiokuwa na nyota walirudi kwenye mihogo, na taifa likakosa sauti ya watu wanaojua bei ya vita kwa miguu yao.

Na wakati wao wakinyamaza, wanasiasa ambao hawajawahi kulala handakini ndio waliochukua lugha ya kambi. Upande mmoja wanaitana makamanda, na mwaka 2012 waliimba kila mkutano kwamba watu wavue gamba wavae gwanda. Upande mwingine vijana walikuwa na kamanda wao, na vikundi vya ulinzi vilipiga saluti. Kila kampeni ni operesheni, kila jimbo ni ngome, kila mpinzani ni adui wa kufyekwa. Nawaombeni, vijana, mkisikia maneno hayo kumbukeni kwamba yana nyumba yake. Jirani yangu hayatumii kabisa. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mwalimu, adui nimemwona. Huyu wa chama kingine ni shemeji yangu."

Jirani huyo alichaguliwa mwenyekiti wa kitongoji mwaka 1999, akachaguliwa tena 2004. Hiyo ndiyo siasa pekee aliyofika. Katika kipindi chake cha pili wafugaji waliingia na ng'ombe wengi, mahindi ya watu wawili yakaliwa, na vijana wa sungusungu wakamkamata mchungaji mmoja wakamfunga kamba. Mkutano ukaitwa chini ya mkuyu. Jirani yangu huyo mzee alitaka mchungaji apelekwe polisi Kakonko, na wafugaji wapewe wiki moja tu ya kuondoka. Wengine walitaka wafugaji walipe fidia, wabaki, na wapangiwe njia ya kupitisha mifugo kwenda mtoni. Vijana walikuwa upande wake, na baadhi walikuja na mapanga. Nilikuwepo, nikimsaidia kuandika.

Aliamuru kwanza kamba ifunguliwe. Kisha akaamuru mapanga yawekwe mbali, kwenye mzizi wa mkuyu, na yakawekwa, maana sauti ya amri bado ilikuwamo ndani yake. Akauliza nani wanataka wafugaji waondoke. Mikono ikanyooka, na wake ukiwemo. Akahesabu polepole, akinionyesha kwa kidole. Akauliza nani wanataka wabaki walipe. Akahesabu tena. Wa pili walizidi kwa mikono sita. Kijana mmoja akasema wahesabiwe upya, wanawake wamezidi. Mzee akamtazama muda mrefu, akamwambia akae. Akanigeukia: "Andika sita." Nikaandika. Akamwita mchungaji aje aonyeshwe njia ya kwenda mtoni, na wakaondoka wote wawili kwa miguu, mzee akitangulia.